Picha Zilizobaki Kabatini

Simu niliyowaacha nayo ikilia wiki iliyopita niliipokea. Laiti ningeiacha ilie.

Alikuwa binti wa Mwalimu, akipiga kutoka hospitali ya macho.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, Mwalimu kazionaje picha?”

“Picha gani, baba? Hapa hakuna picha hata moja.”

Nilikaa. Kiti hakikuwa pale nilipodhani kipo, nikaambulia ukingo.

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita na ajue haya tu. Mimi ni fundi mizani mstaafu, niliyekuwa nikikagua mizani za sokoni, miaka sabini na miwili. Elimu yangu niliipata shule ya usiku, baada ya kazi, na aliyenifundisha ni huyo Mwalimu. Jicho lake moja lilikwisha zamani. Lililobaki lilikuwa lipasuliwe siku hiyo saa nane mchana, na daktari hakumficha: huenda likapona, huenda likazimika moja kwa moja. Mwalimu aliomba jambo moja tu. Kabla ya kupasuliwa, azione nyuso za wanafunzi wake wa shule ya usiku.

Nyuso hizo ninazo mimi. Darasa zima mwenye kamera nilikuwa mimi. Picha arobaini na mbili. Na kwa kuwa mwaka jana nilijiunga na kozi ya kompyuta ya jioni, nikiwa mkubwa kuliko wote darasani pamoja na anayefundisha, nikapata cheti, niliwatangazia watu kwamba nitamtengenezea Mwalimu ukurasa wa picha kwenye mtandao. Shemeji yangu alipocheka, nilimwita mbeba barua mbele ya wajukuu. Akavaa kofia yake akaondoka. Huko ndiko tulikofika.

“Mwanangu,” nilimwambia binti, “angalia vizuri. Ziko arobaini na mbili.”

“Naona viboksi, baba. Kila kimoja kina alama ya kikaratasi kilichochanika. Na maneno madogo pembeni.”

“Mimi naziona hapa. Zote.”

“Labda huko kwako.”

“Tatizo ni hizo simu za siku hizi za bei chee, mwanangu. Haziwezi kazi nzito.”



“Hii ninayotazamia ni ya daktari, baba. Yangu nilijaribu kwanza. Halafu ya muuguzi.”

Simu tatu.

“Matone wanamtia saa ngapi?”

“Saa saba na nusu. Wakishamtia tu, haoni kitu. Fanya haraka, baba.”

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi. Imetundikwa karibu na cheti changu cha kompyuta, na siku hiyo nilivitazama vyote viwili mara nyingi kuliko ilivyo afya kwa mtu wa umri wangu.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoa daftari langu gumu la kozi, nikafungua ukurasa niliouandika kwa kalamu nyekundu: Picha Isipoonekana. Nikafuata kila neno. Nikaufungua ukurasa upya. Picha zikaja, zinang’aa. Nikazima kompyuta, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha. Picha hizo hapo. Nikachomoa waya wa mtandao, nikaupuliza vumbi, nikaurudisha. Sikuwahi kuziona picha zikiwa nzuri namna ile.

Nikampigia binti.

“Sasa je?”

“Viboksi, baba.”

Mke wangu aliingia na kapu la nguo za kukunja. Huyu mwanamke ana namna ya kukunja shuka inayokuuliza maswali kabla yeye hajauliza.

“Zimeonekana?”

“Mimi naziona.”

“Sikukuuliza wewe. Mwalimu kaziona?”

“Mtandao wa hospitali ni mbovu.”

“Juzi ilikuwa umeme. Jana ilikuwa mvua. Leo hospitali.” Alikunja shuka mara nne. “Mzee, yule mtu anakwenda kupasuliwa. Mwite mwenye kujua.”

“Nimwite nani? Mwenye cheti humu ni mimi.”

“Basi cheti kishuke ukutani kimweleze Mwalimu.”

Akaondoka na kapu lake. Kupitia mlango nilimsikia akizungumza na simu kwa sauti ya chini, ile anayotumia kwa ndugu zake tu. Nilijua anamwita nani. Nilipandwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukipa jina.

Simu yangu ililia tena. Yangu ni ile ya vibonye, yenye sauti kubwa, maana sikio langu la kushoto limechoka. Mtu akinipigia, sebule nzima imepigiwa.

“Baba, Mwalimu ana wazo,” alisema binti. “Kasema kama picha zimegoma, basi nimsomee hayo maneno ya kwenye viboksi. Tumesoma ya kwanza na ya pili. Amefurahi kama mtoto! Kila moja anaisimulia robo saa.”



Hapa ndipo inanibidi niwaeleze kitu, na baada ya hapo mtaniona vingine. Kwenye kozi tulifundishwa kwamba kila picha unayoiweka mtandaoni uiandikie maneno nyuma yake. Picha ikitokea, maneno yanajificha. Picha ikishindikana, maneno yanajitokeza, mtu ajue kulikuwa na nini. Wenzangu vijana waliandika neno moja moja: “gari”, “ua”, “bibi”. Mimi niliyachukulia kama vile tulivyokuwa tukiandika zamani kwa penseli nyuma ya picha, kisha tunaibandika kwenye albamu. Nani ataibandua asome?

Na kwa kuwa picha zangu mimi hazingeshindikana, niliandika kutoka moyoni.

Ya kwanza: “Mwalimu akifuta ubao kwa mkono wa shati, kitambaa kimeibwa.” Ya pili: “Fundi viatu na mwashi wamelala juu ya kitabu kimoja.” Na kadhalika, mambo mazuri.

Halafu kuna ya kumi na saba.

Ya kumi na saba ni mimi na shemeji yangu, vijana wa miaka ishirini na minne, tumekaa dawati moja, wiki moja kabla ya mtihani wa cheti. Wakati huo hakuwa shemeji, alikuwa rafiki. Siku ya mtihani, Mwalimu aliokota karatasi ya majibu ya hesabu chini ya miguu ya huyo rafiki. Akaitazama ile karatasi, akatutazama sisi wawili, akamwambia yeye: toka nje. Hakurudi tena shule. Aliishia kupeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja. Mimi nilipata cheti, na cheti kikanipa kazi ya mizani.

Nyuma ya picha hiyo niliandika: “Karatasi iliyomfukuzisha ilikuwa yangu. Nilimsikia Mwalimu akija, nikaisukuma kwa mguu upande wake.”

Nilikuwa sijawahi kuyaandika maneno hayo popote. Nilidhani nimeyafungia nyuma ya picha kwa gundi.

“Baba, upo?” binti aliuliza.

“Nipo. Msisome haraka. Mwache Mwalimu asimulie.”

“Nani anaweza kumzuia!”

Nilikata simu, nikashika kipanya. Kufuta sentensi mbili ni kazi ya dakika moja. Nikaufungua ukurasa kwa ndani, kule kwenye maandishi yake, nikaanza kushuka: ya tano, ya sita, ya saba.

“Hodi humu ndani! Nimesikia kuna barua haijafika.”

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake. Mtaani wote humwita Posta, mpaka watoto wasiojua posta ni nini. Nikarudi juu kwenye picha ya kwanza haraka kama mtu aliyekamatwa mkono ukiwa chunguni.

“Karibu,” nilisema.

“Sijakuja kwako. Nimeitwa na dada yangu.” Alivuta kiti akakaa bega kwa bega nami. “Haya, mwenye cheti. Mbeba barua akusaidie nini?”

“Si lazima tuanze na hayo.”

“Nani kaanza? Mimi nimebeba tu ulichonipa.”

Alitoa simu yake, kubwa kama sahani, akaandika anwani ya ukurasa wangu kwa kidole kimoja. Ulipofunguka, aliinua nyusi.

“Ala! Kweli hamna kitu. ‘Mwalimu akifuta ubao kwa mkono wa shati…’ Hii nzuri. ‘Fundi viatu na mwashi…’ Ha! Yule mwashi alikuwa anakoroma mpaka chaki zinaanguka.” Kidole chake kilianza kushuka.

“Usisome maneno!” Niliiweka chini simu yake, kifudifudi. “Tunatafuta picha.”

“Picha ziko wapi nizitafute? Maneno ndiyo yaliyofika.”

“Posta, tuna muda wa saa mbili na nusu tu.”

Aliisogeza simu pembeni. Halafu akavaa miwani.

“Haya. Mimi kompyuta sijui. Lakini barua isipofika, mtu wa mwanzo kulaumiwa huwa ni mpelekaji, na mara tisa kati ya kumi kosa liko kwenye bahasha. Nionyeshe bahasha.”

“Hakuna bahasha kwenye kompyuta.”

“Hiyo picha inaijuaje njia? Lazima umeiandika mahali inapokaa.”

Nilimwonyesha mstari wa picha ya kwanza, nikiziba ya chini yake kwa kiganja kana kwamba nakinga mwanga. Akausogelea, akausoma kwa sauti, polepole, kama alivyokuwa akisoma mwandiko mbaya wa watu.

“C. Sebuleni. Kabati la Juu. Picha za Mwalimu. Moja.” Akavua miwani. “Haya ni mambo gani?”

“Ndiyo anwani ya picha. C ni diski, hayo mengine ni majina ya folda zangu. Nimepanga kompyuta kama nilivyopanga nyumba, kila kitu na mahali pake.”

“Sebule ya nani?”

“Hii. Yaani ya kwenye kompyuta. Kompyuta hii.”

“Na Kabati la Juu?”

“Humu humu.”

“Ahaa.” Aliegemea nyuma, kiti kikalia. “Kwa hiyo binti wa watu yuko hospitali, simu ya daktari mkononi. Ukurasa wako unaiambia ile simu: nenda sebuleni, fungua kabati la juu. Simu inageuka kulia, inaona kitanda. Inageuka kushoto, inaona ndoo. Sebule hakuna, kabati hakuna. Inachana kikaratasi chake inasema: mwenye anwani hii hajulikani.”

“Lakini mimi naziona!”

“Wewe uko sebuleni, shemeji!”

Jikoni kitu kilianguka. Mke wangu alikuwa akicheka na sufuria mkononi.

Nilitazama ule mstari. Niliutazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeutuma ukurasa kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza kurasa za watu, nikautuma peke yake, mikono mitupu. Picha zenyewe hazijawahi kutoka nyumbani. Na kila nilipokuwa nikikagua kazi yangu, nilifungua nakala ya hapa hapa mezani, inayolijua kabati.

Miaka thelathini na sita nimewafungia watu vibanda kwa sababu walijipimia mizani kwa mawe yao wenyewe ya uzani, badala ya yale ya serikali. Mizani mbovu na jiwe bovu hukubaliana siku zote. Na mimi nilikuwa nimekaa hapa tangu asubuhi, nikipima kwa jiwe langu na kuapa kwamba uzito umetimia.

“Posta,” nilisema. “Uko sahihi.”

“Sema tena, dada asikie.”

“Amesikia.”

“Nimesikia!” alisema mke wangu kutoka jikoni.

Kazi ikaanza. Kwanza kuzituma picha zenyewe kwenye seva, ziwekwe jirani na ukurasa. Halafu kurekebisha anwani zote arobaini na mbili, moja moja, kila moja iseme tu folda ya jirani na namba ya picha, bila sebule, bila kabati. Posta alishika daftari na kunisomea namba. Nilikuwa nikiandika kwa vidole viwili, kimoja kinaongoza, kingine kinafuata kama mke mwenza.

“Ya tano. Umeacha nafasi hapo.”

“Sijaacha.”

“Umeacha. Toa. Ya sita.”

Shida ilikuwa hii: anwani ya picha na maneno yaliyo nyuma yake hukaa mstari mmoja. Kila tuliposhuka, Posta aliyasoma na kucheka. Ya nane ikamkumbusha mtu aliyekuwa akija darasani na kuku. Ya kumi na moja ikamnyamazisha, maana waliomo wote wamekufa.

Saa sita kasoro robo simu yangu ililia.

“Baba, tumefika ya sita,” alisema binti, na sebule nzima ikamsikia. “Tumepumzika kidogo, daktari anampima presha. Lakini Mwalimu ana swali. Anauliza, yule kijana aliyefukuzwa kwenye chumba cha mtihani yumo kwenye picha?”

Posta aliacha kutikisa mguu.

“Yumo,” nilisema.

“Anasema huyo ndiye anayetaka kumwona kuliko wote. Anasema hao wengine ni mapambo.”

Binti akakata. Posta alikuwa akiitazama kalamu aliyoishika.

“Bado ana chuki na mimi?” aliuliza hatimaye. “Miaka arobaini na minane? Kwa karatasi ambayo hata sikujua imetoka wapi?”

“Labda si chuki.”

“Ni nini basi? Mtu akufukuze, halafu kabla hajapofuka aseme mlete nimwone?” Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. “Unajua, nilikuwa nikipita na baiskeli pale kwake. Barua zake nilikuwa nazisukumia chini ya mlango. Sikuwahi kugonga.”

Tulikuwa kwenye ya kumi na tano.

“Shemeji, nisaidie jambo moja. Mwambie dada yako atupe chai.”

“Mwite. Si yuko hapo?”

“Amenikasirikia. Wewe atakusikia.”

Alisimama taratibu, magoti yakilalamika, akaenda jikoni. Niliwasikia wakianza kuzungumza.

Nikashuka mpaka ya kumi na saba.

Nisikilizeni vizuri, maana sitasema hili mara mbili. Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yangu, pana. Hata kufuta sikuhitaji. Nikiirekebisha anwani tu, picha itatokea, na maneno yatajificha nyuma yake kama nilivyopanga tangu mwanzo. Mwalimu ataona uso wa rafiki yangu, na hatajua. Posta ataona uso wake mwenyewe, na hatajua. Mke wangu ataleta chai. Mimi nitasifiwa.

Saa ya ukutani ikapiga sita.

Nikawaza: huyu mzee anaweza kuingia gizani leo. Na uso wa mwisho atakaouona wazi, ule anaoutaka kuliko wote, atauona kama uso wa mwizi wa majibu. Ataingia nao huko gizani. Hakuna atakayemwashia taa asome upya.

Nilirekebisha anwani. Halafu niliyakata yale maneno kutoka nyuma ya picha, nikayabandika chini yake, kwenye ukurasa wenyewe, kwa maandishi makubwa, mahali ambapo picha ikitokea au isitokee, mtu yeyote atayasoma.

Nikashuka haraka kwenye ya kumi na nane.

Posta alirudi na vikombe viwili. “Umeivuka ya kumi na saba?”

“Nimeivuka.”

“Upesi hivyo! Kumbe nilikuwa nakuchelewesha mimi.”

Saa sita na nusu anwani zilikwisha. Zikabaki picha kumalizika kupanda, na zilipanda kama mzee na ngazi. Ya ishirini. Kimya. Ya ishirini na moja. Posta alitembea mpaka dirishani akarudi. Mke wangu alikuja akasimama nyuma yetu na taulo begani, akihesabu kwa midomo. Saa saba kamili ilikuwa ya thelathini na tatu. Ya thelathini na nane ikakwama, nikaituma upya. Posta aliipiga meza kwa kiganja.

“Twende, mama, twende! Mimi nilipeleka barua kwenye mafuriko upesi kuliko hivi!”

Saa saba na dakika kumi na mbili, ya arobaini na mbili ikafika, nikautuma na ukurasa wenyewe uliorekebishwa.

Safari hii sikuamini macho yangu. Nilimwomba Posta afungue ukurasa kwenye simu yake, isiyojua lolote kuhusu kabati langu. Nikampigia binti wakati huo huo.

“Mwanangu, ufungue upya huo ukurasa. Na unisamehe kwa maneno ya asubuhi kuhusu simu.”

“Tulishasahau, baba. Ngoja… unazunguka… unazunguka…” Kisha akapiga kelele, mpaka nikaitoa simu sikioni. “Baba! Zipo! Mwalimu, tazama! Tazama!”

Mke wangu alifunika uso kwa taulo.

Tulisikia pumzi ya mzee ikisogea karibu na simu. Nilijua anaishika ile simu kubwa ya daktari usoni kabisa, kwenye jicho lake moja, kama sonara anavyokagua pete.

“Huyu ni mwashi,” sauti yake ilisema. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ile ile. “Mtazame, amelala! Na huyu msichana wa kushona, alikuwa na akili kuliko wote. Huyu… huyu… Mungu wangu, walikuwa wadogo hivi? Mimi nikidhani nawafundisha wazee.”

Akazipitia hivyo, moja baada ya nyingine. Hakutaja jina la mtu hata mmoja, alitaja alichowahi kukosea kila mmoja ubaoni. Binti alikuwa akicheka na kulia pamoja.

“Muuguzi amekuja na trei, Mwalimu,” tulimsikia akisema.

“Asubiri. Nyingine.”

Posta naye alikuwa akishuka kwenye simu yake, nusu tabasamu mdomoni. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano. Nilitazama kidole chake. Nilitamani kukikamata. Sikukikamata.

Kidole kikasimama.

Hospitalini nako sauti ilikuwa imekatika. Vyumba viwili, mbali na mbali, vilikuwa vikisoma sentensi zile zile mbili.

Posta alizisoma mara moja, kisha akainua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akazisoma tena. Mke wangu aliinama juu ya bega la kaka yake. Nilimwona akifika mwisho wa mstari, na taulo likateleza begani kwake likaanguka, asiliokote.

“Niliisukuma kwa mguu,” nilisema. Ni maneno ya kijinga, yalikuwa yameandikwa hapo. “Nilikuwa natafuta siku ya kukwambia.”

Alikuwa akiutazama ule uso wa kijana pembeni yangu kwenye dawati.

“Kijana wangu,” simu ilisema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita mimi. Na miaka yangu sabini na miwili, nilisimama wima.

“Naam, Mwalimu.”

“Umeandika vizuri. Umechelewa, lakini umeandika vizuri.” Alikohoa. Nyuma yake muuguzi alisema kitu kuhusu saa. “Ila hukunipa habari mpya. Mwandiko wako nilikuwa nikiusahihisha kila usiku kwa miaka miwili. Unadhani nisingeujua kwenye karatasi niliyoishika mkononi?”

Sikuelewa. Ninaapa kwamba kwa muda sikuelewa.

“Ulijua?” nilisema. “Ulijua ni yangu, ukamfukuza yeye?”

“Nilijua.”

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini na saba.

“Huyo shemeji yako yupo hapo?” Mwalimu aliuliza. “Nimesikia pumzi za watu. Nipe yeye. Nina dakika tatu, nimwambie kwa nini, na wewe usiwepo ninapomwambia.”

Simu ilikuwa mkononi mwangu, kidole changu kiko juu ya kibonye chekundu cha kukatia. Nilimtazama mke wangu, akageuza uso.

Posta alisimama. Alivaa kofia yake, kama alivyoivaa siku ile mbele ya wajukuu, kisha akanyoosha mkono.

“Lete simu,” alisema.

Hakusema shemeji.